Weupe wa Kisutu cha Mama

Kikwajuni, Unguja
Jumanne, baada ya laasiri

Dada yangu mpenzi Mwanakheir,

Shikamoo. Nnatumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nadir na watoto, na joto la Maskati halijakuchosheni sana. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua akipanda ngazi. Mke wangu Sumaiya hajambo naye, anakusalimu. Mimi nimechoka, dada. Nimechoka mpaka nimeamua kuandika kwa mkono nimpe Tahiya, anayesafiri kuja huko kwenu, akuletee, maana kwenye simu kila ukiniuliza hali nnakujibu mzima, na ulimi ushazowea. Usizicheke herufi zangu kwa ukubwa, sababu yake utaijua.

Habari yenyewe ni ya ile tivii mliyotuletea. Ilifika salama, bila ya mkwaruzo, tukaitundika ukumbini, Mama akafurahi kama kaletewa mjukuu. Siku ile ile mimi nikakupigia kukwambia kuwa ni mbovu, kila mtu ndani yake ni manjano kama mwari aliyesingwa kwa bizari. Najua shemeji alirudi dukani akagombana na watu, na najua alivunjika moyo, maana aliichagua mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikamwendea Mcha, yule niliyesoma naye skuli, siku hizi anazirekebisha tivii kubwa za mahoteli kule Nungwi. Akanifundisha. Alisema tivii zinatoka kiwandani zimepigwa rangi kali ili zivutie dukani, nyumbani hazifai mpaka zitulizwe. Nifunge madirisha kwanza. Nianze na weusi, mpaka nywele zionekane nyuzi nyuzi, zisiwe donge moja. Halafu weupe, mpaka kanzu ionekane mikunjo yake. Rangi mwisho. Na akanisisitiza nitafute kitu ninachokijua rangi yake, nikitundike kando ya kioo nilinganishe. Hilo nikalidharau. Mie mtu mzima wa miaka hamsini na nne, weupe nnaujua, nilinganishe na nini tena?

Basi ikawa miezi miwili. Nikishawarudisha watoto wa skuli kwa gari yao nnayoiendesha, nikishasali laasiri, nnafunga madirisha na kukaa na rimoti, na Mama pembeni anajipepea kwa kipepeo. Nnapunguza manjano, nnazidisha buluu. Leo imekaa sawa, baada ya siku mbili nnaiona manjano tena. Nnazidisha tena. Nikiwauliza, Mama na Sumaiya wote wanasema mashaallah, sasa ndiyo picha. Nnalala nimechoka kuliko mtu aliyebeba mawe.

Wiki iliyopita Mcha akapita kutujulia hali. Alipoiona tivii aliangua kicheko, akauliza watu hawa wamezama au wamekufa kwa baridi, mbona wote buluu. Nikamwambia mbona wako kama kawaida. Akanitazama, na kicheko kikamkatika. Akaomba kitu chenye rangi zinazojulikana, Mama akafungua sanduku akatoa kisutu chake, kanga yake ya harusi, kile chenye wekundu, weusi na weupe, anachokifua mwenyewe na hamwachii mtu. Mcha akakitundika kando ya kioo. Loh! Nikamgombeza Sumaiya hapo hapo mbele ya mgeni, vipi kaachia kisutu cha Mama kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sumaiya akasema mbona ni cheupe kama sukari. Mcha akaniambia nizibe jicho la kulia, na weupe ukarudi kidogo. Akaniambia nizibe la kushoto. Kikawa cha manjano chote, hata wekundu wake umekuwa kutu.

Sumaiya akaanza kulia, akasema yote. Kumbe kila asubuhi nikitoka anairudisha picha kama ilivyokuja, wanatazama kwa raha zao, na nikikaribia kurudi anaiweka kwenye buluu yangu. Mama ndiye aliyemkataza kuniambia. Nilikasirika, dada, nikasema wamenifanya mpumbavu nyumbani kwangu. Mama akanijibu kwa sauti ndogo kwamba baba yetu alibadilisha taa tatu chumbani, zote akisema mbovu, kabla hajaanza kushikwa mkono kwenda msikitini. Akasema tangu siku niliyoilaumu tivii alijua, akaogopa kulitamka.

Sasa liko jambo ambalo hata wao sijawaambia. Mwezi uliopita nilimwacha mtoto wa darasa la pili kituoni. Alikuwa kasimama kivulini, sikumuona. Mama yake akanipigia, nikamwambia nilisahau. Nikaendelea kuendesha siku kumi na tisa nzima, na watoto wa watu nyuma yangu, kwa kuogopa kunyang'anywa funguo. Nnaona haya kuliandika. Jana nimezirudisha funguo mwenyewe, na skuli nimewaambia ukweli. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa. La kulia litafanyiwa operesheni Alhamisi ya wiki ijayo. Huenda hata Baba angepona, dada, lau angesema. Nnaogopa sana, lakini nitakwenda.

Niombee radhi kwa shemeji. Tivii yake ni nzima, na Mcha ameshaiweka sawa kwa kisutu cha Mama. Mama anatazama na kunisimulia, mimi nnasikiliza. Wabusu watoto, na Alhamisi hiyo usiache kuniombea dua.

Na kabla hujaikunja barua hii, dada, nnakuomba kitu kimoja. Sisi ni watoto wa baba mmoja, na wewe umenitangulia miaka minne. Ziba jicho moja uitazame karatasi hii, halafu ziba jengine. Karatasi ni nyeupe, dada. Nimemuuliza Sumaiya.

Nduguyo akupendaye,
Ahmada