Kumjibu Mkaguzi wa Kikombe cha Rangi

Jumanne, 8 Juni 1976

Masijala ya wilaya hapa Kasulu, kama kawaida. Barua kumi na mbili za wilaya, nakala tatu kila moja, kaboni imechakaa hadi inaandika kivuli. Ya kumi na tatu ilikuwa ya kwetu. Bahasha nene kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam, na ndani yake barua ya mkaguzi wa uvumbuzi wa ng'ambo.

Amekataa tena.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinachemka. Mjomba Laurenti hupaka baiskeli rangi. Hapa hakuna umeme wala pampu ya hewa. Kwa hiyo alikata tangi la shaba la jiko bovu la mafuta ya taa, akatengeneza kikombe, akakifunga kwenye puli ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli iliyosimamishwa. Mtu mmoja anakanyaga pedali. Rangi inadondokea katikati ya kikombe, inatambaa kwenye mifereji aliyoichonga ndani kwa tupa, inarukia nje ukingoni kama umande. Si matone. Umande.

Bruda wa ufundi pale misheni alipokiona alisema kiombewe hati ya uvumbuzi, la sivyo mwenye kiwanda yeyote atakitengeneza na jina la Mjomba halitasikika. Hati lazima ipatikane ng'ambo kwanza, ndipo isajiliwe hapa. Bruda akapeleka maombi, kisha akahamishwa kurudi kwao. Kazi ikaniangukia mimi. Nilisoma fizikia hadi kidato cha sita. Sasa nagonga mihuri, na jioni nabishana na mtu nisiyemjua kuhusu mifereji.

Hoja zake ni tatu. Majibu yawe Dar tarehe kumi na tano Julai. Yakichelewa maombi yamekufa, na kikombe ni cha kila mtu.

Jumatano, 9 Juni

Hoja ya kwanza. Tuliandika kwamba mifereji inaishia "upana wa punje moja ya mtama" kabla ya ukingo. Mkaguzi anasema punje si kipimo.

Nimekwenda karakana na rula. Nikamwuliza Mjomba ni milimita ngapi. Akasema punje moja. Nikamwuliza, kwa hasira, mtama mweupe au mwekundu?

"Mwekundu, Leokadia. Mweupe mnene. Wewe umekulia wapi?"

Karakana nzima ikacheka. Muuza dagaa aliyekuwa akikanyaga pedali ili baiskeli yake iishe upesi akasema, "Mpelekeeni huyo mzungu debe zima, apime mwenyewe." Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Sijui kucheka nikiwa na kazi mkononi, na watu wanalijua hilo, ndiyo maana wananichokoza.

Nimepima punje ishirini. Hakuna mbili zinazolingana. Kisha nikapima vikombe vyake vyote vinne. Milimita mbili na nusu. Vyote. Kwa jicho tu!

Mjomba huyu ananiudhi.

Ijumaa, 11 Juni

Hoja ya pili nimeiua. Mkaguzi ameambatanisha mchoro wa kikombe cha watu wengine, cha miaka mingi iliyopita, nacho kina mifereji. Siku mbili nilikuwa nimekata tamaa. Leo, saa ya chakula, nikiwa peke yangu na muhogo wangu, nikaona. Mifereji yao inafika ukingoni kabisa. Ya Mjomba inakoma kabla. Hapo katikati rangi inatoka mferejini, inajitandaza kuwa utando mwembamba, ndipo inaruka. Ile milimita mbili na nusu ndiyo uvumbuzi wenyewe. Nilitamani kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu masijala wa kuambiwa jambo la namna hiyo.

Kisha nikasoma hoja ya tatu kwa makini. Nikakaa chini.

Ukurasa wa pili wa maelezo yetu kuna sentensi hii: "Mifereji ya namna hii ilijulikana zamani na wahunzi wa Murungu, na mwombaji alifundishwa kuichonga na mhunzi Ntakije." Mkaguzi ameipigia mstari. Anasema mwombaji mwenyewe amekiri kwamba kitu hiki si kipya. Kama si kipya, hakuna hati.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningekuwa mimi mkaguzi ningekataa vilevile.

Jumapili, 13 Juni

Nimemkabili Mjomba baada ya misa. Bruda aliiandika sentensi ile kwa kauli ya Mjomba mwenyewe, na mimi nilipomsomea maelezo yote kwa Kiha aliitikia kwa kichwa. Nimemweleza kwa upole. Nimemweleza kwa ukali. Nimechora ardhini kwa kijiti. Nikamwambia sentensi moja, tunaifuta, tumemaliza.

Hafuti.

Anasema mhunzi hasemi "nimebuni". Anayesema hivyo amesema hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Ni kama kusema umejizaa. Nikamwuliza basi ni kweli Ntakije ndiye alimwonyesha mifereji hiyo? Akainuka kwenda kutazama kuku. Hana kuku.

Kila ukurasa unaobadilishwa unataka sahihi yake.

Jumatatu, 14 Juni

Ningeweza kufuta bila kumwambia. Uchapwe ukurasa mpya, awekewe kalamu mkononi, asaini. Haelewi Kiingereza. Nimeliwaza jambo hili kwa dakika nzima, nikiwa nimeshatia karatasi kwenye mashine.

Nimeitoa karatasi. Nimejichukia hadi jioni.

Jumamosi, 19 Juni. Murungu

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nimepanda lori la mahindi hadi Kibondo, kisha nikatembea. Ntakije alikwisha kufa, ila mjane wake yupo. Kama wahunzi wa huku kweli waliijua mifereji hiyo, nataka niisikie kwa mdomo wa mtu mwingine, nami nitamwandikia wakala kwamba tumeshindwa. Heri kushindwa kwa kweli.

Bibi huyu ni mdogo wa umbo, macho makali. Alinisalimu kwa makofi marefu, salamu ya Waha, akauliza hali ya kila mtu Kasulu hadi wale nisiowajua. Nami nilikuwa nataka kuuliza swali moja tu. Nilidhani nitapasuka.

Mwishowe nikauliza. Alinitazama kama niliyepungukiwa akili.

"Ntakije na rangi? Mjukuu wangu, Ntakije alikuwa akipaka nini? Majembe?"

Mumewe hakuwahi kuchonga mfereji kwenye chuma chochote. Alifua majembe, mashoka, miundu. Laurenti alipokuwa mwanafunzi wake ndiye aliyekuwa akikwaruza chuma kizima kwa tupa, mistari, mistari, akimwagia maji kuona yanavyokimbia. Ntakije alimfukuza mara mbili kwa hilo. Mara ya tatu Laurenti aliondoka mwenyewe. Hakurudi hata kwenye msiba.

Basi. Sentensi ya ukurasa wa pili ni uongo mtupu. Amemsingizia marehemu wema.

Jumapili, 20 Juni

Lori liliharibika njiani tukakaa saa sita. Saa sita za kumwaza Mjomba. Nimepanga maneno yote ya kumwambia. Makali, mafupi, yamenyooka. Sijawahi kupanga maneno mazuri namna ile.

Jumanne, 22 Juni

Sikuyasema. Niliingia karakana nikasema tu, "Nimetoka Murungu." Akaweka tupa chini.

Hakukana. Alisema aliondoka kwa mwalimu wake kwa ukaidi, na ukaidi ule ndio uliozaa kikombe. Kama kikombe ni chake peke yake, basi ukaidi ulikuwa sahihi na mzee alikosea, na mzee hayupo wa kujibu. Kwa hiyo alimgawia. Aliona ni adabu.

Nikamwambia adabu hiyo inaua maombi yake. Akasema anajua sasa. Nikamwambia asaini. Akasema hawezi bado.

Hapa ndipo nilipopiga meza ngumi.

Ni desturi ya wahunzi, anasema. Mwanafunzi aliyeacha njia ya mwalimu hawezi kukiita kitu chake mpaka apeleke pombe kwenye nyumba ile, akiri mbele ya mwenye nyumba, naye ainywe. Ndipo atasaini. Pombe ya mtama. Nikapendekeza ya ndizi, inaiva upesi. Alinitazama kwa huruma.

Mtama uloweshwe, uote, ukaushwe, usagwe, upikwe, uchachuke. Nimehesabu siku kwenye kalenda ya ofisi. Posta kwenda Dar hula siku tisa, kumi. Kifurushi kikitoka hapa baada ya Jumatatu tarehe tano Julai, tumechelewa.

Mkaguzi wa ng'ambo ananisubiri mimi. Mimi nasubiri mtama uote.

Jumapili, 27 Juni

Kuku wamekula kimea.

Kuku wa jirani. Kilikuwa kimeanikwa kwenye mkeka, Mama akaingia ndani kuchukua ungo, wakamaliza. Nimekaa kizingitini nikawaangalia wakitembea wameshiba. Mama anasema nisitukane kuku siku ya Bwana. Mjomba anasema tuanze upya. Tuanze upya! Nimemwambia kalenda haina huruma na desturi yake. Akasema yeye hakuilazimisha kalenda.

Nimezunguka mtaani nyumba kwa nyumba, mimi nisiyependa kuomba hata chumvi. Nyumba ya sita walikuwa na kimea kikavu. Mwenye nyumba akauliza ni arusi ya nani. Nikasema ya mkaguzi. Hakuelewa, lakini amenipa.

Jumatano, 30 Juni

Imepikwa. Majibu yote matatu nimeyachapa, safi, bila kosa. Kwenye ukurasa wa pili nimeandika: "Mwombaji alifundishwa uhunzi na Ntakije wa Murungu. Mifereji inayokoma kabla ya ukingo ni ya mwombaji mwenyewe." Mkaguzi hahitaji sentensi ya kwanza. Nimeiacha hivyo hivyo. Nusu ile ni kweli, na Mjomba ana haki nayo.

Karatasi ziko kwenye mkoba. Pombe iko kwenye dumu, inanguruma. Nazikagua zote mbili kila saa.

Jumamosi, 3 Julai. Murungu

Tumefika jioni. Dumu lilifura njiani, utingo akakataa kukaa karibu nalo.

Bibi akaimimina kwenye mtungi, akatia mrija, akanywa kwanza yeye. Akasema ni chachu. Akanywa tena. Mjomba akapiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, akasema yote. Kufukuzwa, kuondoka, msiba ambao hakuja, na uongo kwenye karatasi za wazungu. Akasema aliona haya kuonekana hakuwa na mwalimu.

"Mwalimu ulikuwa naye," Bibi akasema. "Masikio ndiyo hukuwa nayo."

Majirani waliokuja kunusa pombe wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, machozi yanamtoka. Kisha Bibi akauliza kikombe hicho kinafanya kazi kweli, au ni maneno. Mjomba akasema kinafanya. Bibi akauliza ni cha nani.

Nilishikilia mkoba kwa mikono miwili. Nilitaka kumjibia.

"Changu," akasema. Taratibu, kama anayelipima neno lenyewe. Bibi akampa mrija.

Amesaini kurasa zote palepale, karatasi zikiwa juu ya jiwe la kusagia. Sahihi ya ukurasa wa pili imekwaruza karatasi karibu itoboke.

Jumatatu, 5 Julai

Tuliingia Kasulu asubuhi, vumbi hadi kwenye kope. Nimekwenda posta kabla ya kunawa. Mfuko wa barua ulikuwa unafungwa. Karani akaniambia nije kesho. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Ameufungua.

Nimechelewa kazini kwa saa mbili. Nimekaripiwa. Sikusikia hata neno moja.

Jumanne, 20 Julai

Simu ya maandishi ya wakala. Majibu yalimfika tarehe kumi na nne.

Siku moja.

Jumatano, 20 Oktoba

Mvua za kwanza zimeanza. Barua ya mkaguzi imekuja, safari hii karatasi moja tu, nyepesi. Maombi yamekubaliwa kama yalivyorekebishwa. Sentensi moja na nusu. Hakuna salamu.

Nimeisoma mara mbili kwenye dawati, nikaiweka mfukoni, nikaendelea na barua za wilaya hadi saa tisa na nusu. Kisha nikaenda karakana. Mjomba alikuwa peke yake, anasugua fremu kwa msasa. Nikamsomea kwa Kiha. Akaniomba nirudie mahali penye jina lake. Nikarudia.

Akauliza, "Na huyo mkaguzi, yeye alifundishwa na nani?"

Nikasema sijui. Hawaandiki.

Akatikisa kichwa, akamsikitikia. Kisha akaniambia nipande kwenye pedali, kwa kuwa rangi imeshachanganywa na itaganda. Nimekanyaga. Fremu ikawa ya kijani, polepole, toka usukani hadi keria. Nilikaa pale hadi ikakauka.