Lebo ya Brashi

6 Februari

Kwa binti yangu Kidole,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi wazima, ukiacha hili goti la kushoto ambalo limezoea kulalamika. Wewe je, hujambo? Unakula? Mama yako anasema sauti yako kwenye simu ni ya mtu anayekula akiwa amesimama.

Sasa kaa kitako. Kitabu kimetoka! Kinaitwa *Herufi kwa Brashi*, na jalada nimeliandika kwa mkono wangu. Mpiga chapa alitaka kuniwekea herufi zake za kompyuta, nikamwambia thubutu. Kazi yangu yote ya mabango imo humo: namna ya kupiga mstari kwa kamba ya chaki, namna ya kushika brashi ukiwa juu ya ngazi na upepo unakutania, hata lile bango la duka la viatu ulilolitia kidole rangi ikiwa mbichi, mpaka tukakupa jina hilo. Alama yako inaonekana kwenye picha, ukikaza macho.

Nimempa dereva wa basi boksi lenye nakala tano. Wewe ndiye mkubwa wa kuchagua na kupokea vitabu hapo maktaba ya chuo, kwa hiyo mambo yamekwisha. Naomba viwekwe karibu na mlango, vyote vitano pamoja, visitenganishwe. Na juu yake picha yangu, ile ya kwenye ngazi. Si lazima iwe kubwa. Urefu wa mlango unatosha.

Wenzangu wamezaa madaktari, wakiumwa wanatibiwa. Mimi nimezaa mtu wa maktaba, nikaandika kitabu. Nani kama mimi?

Ni mimi baba yako.

---

15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake pia, na umwambie nakula, tena nikiwa nimekaa. Goti likandwe kwa maji ya moto, lisisubiri nije.

Hongera sana kwa kitabu. Nimefurahi kweli, na naomba ukumbuke sentensi hiyo unaposoma zinazofuata.

Boksi nimelipokea na nimelirudisha kwa basi lilelile. Usipandishe hasira kwanza, nisikilize. Kila wiki watu wanatuletea vitabu kama vile maktaba ni stoo ya mji: mjane analeta vya marehemu, mstaafu analeta majarida yaliyoliwa na mchwa. Hatupokei kila kitu. Tunauliza kama kinasaidia somo linalofundishwa hapa, kama hatunacho tayari, na kama kitavumilia mikono ya watu. Na mtoaji haweki masharti. Kikishapokelewa ni chetu: tunakiweka panapokifaa, na siku kikichakaa tunakiondoa bila kumwomba mtu ruhusa. Habari za mlangoni na picha zisahau.

Halafu hakuna anayeruhusiwa kumchagulia ndugu yake. Kanuni hiyo niliiandika mimi, baada ya mwenzetu mmoja kujaza rafu nzima mashairi ya mjomba wake. Nikikupitisha wewe nitamwambia nini mtu mwingine? Ndiyo maana boksi sikulifungua kabisa, asije mtu akasema nilichungulia nikapenda.

Njia ipo. Msomaji au mwalimu akikiomba kwa hiari yake, kamati inakijadili, na mimi natoka nje ya chumba. Subiri tu, baba. Kazi yako naijua, haitakosa mwenyewe.

Na tafadhali usiandike "Kidole" juu ya bahasha. Huku wananiita Madam.

Wako,
Binti yako.

---

24 Februari

Kwa Madam,

Marahaba. Boksi limefika. Hata gundi haikuguswa.

Juu ya zile tano kulikuwa na nakala ya sita, haikuwa ya maktaba. Ilikuwa yako. Nilikuandikia maneno kwenye ukurasa wa kwanza.

Mama yako anakusalimu.

Baba.

---

22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepona, maana inaonekana limekubeba hadi ghorofa ya pili ya maktaba yetu.

Barua yako iliniuma, nikaanza jibu mara nyingi nikalichana. Hili silichani. Baba, umefanya nini?

Juzi mwanafunzi alikuja kaunta na kitabu anachotaka kuazima. Lebo ipo mgongoni, namba ipo, kila kitu kipo. Mhudumu akaandika namba kwenye kompyuta, ikamletea kitabu cha ufinyanzi. Akarudia: ufinyanzi. Wakasema mfumo umeharibika. Akaitwa fundi wa kompyuta, asubuhi nzima akafungua na kufunga mitambo, na foleni ya wanafunzi ikafika ngazini. Hakuna aliyeitilia shaka lebo, ilikuwa nzuri kuliko zetu. Mwishowe fundi aliyelowa jasho akaigusa kwa ukucha, akasema, "Jamani, hii ni rangi."

Wakafungua ukurasa wa kwanza. Wakasoma jina la mwandishi, wakaja kunitazama mimi.

Unajua nilivyojisikia? Mimi niliyemkatalia mkuu wa kitivo kuingiza kitabu cha mkewe! Sasa watu wanasema Madam kampitisha babake mlango wa nyuma. Nimekwenda kwa Mkuu wa maktaba siku hiyohiyo, nimemweleza yote bila kuficha, hadi habari ya boksi. Kasema ataniita. Kwa sasa kitabu kimefungiwa kabatini kwake, na mwanafunzi kila siku anakuja kukiulizia.

Nimekasirika, baba. Nimekasirika sana.

Binti yako.

---

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole kweli. Sikupenda upate kashfa kwa ajili yangu, na usingizi umenihama tangu nisome barua yako.

Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuja siku ile nikiwa na kile kitabu chako kwapani, nikupe mkononi. Nikaambiwa uko kikaoni. Nikapanda kuangalia rafu, nikaona kuna pengo pembeni ya kile cha ufinyanzi, na mfukoni nina brashi nyembamba na kichupa cha rangi, maana mimi bila brashi ni kama niko uchi. Nikachora lebo kama ya jirani yake kwenye kipande cha karatasi, nikaibandika mgongoni. Nikajiambia, ataikuta mwenyewe akipita, atacheka. Mlinzi wenu hakuniuliza kitu. Anakagua mikoba ya wanaotoka. Anayeingiza kitabu hana habari naye.

Nilidhani utapita wewe. Hilo tu. Sikujua kama mkubwa wa vitabu hapiti kwenye vitabu.

Mkuu wako nimemwandikia mwenyewe, nimemwambia mhalifu ni mimi na binti yangu alinirudishia boksi bila hata kulifungua. Akitaka nije, nakuja, nimeshapiga pasi koti.

Halafu lile jambo la mwanafunzi. Umesema anakuja kila siku? Rudia hapo, sikusoma vizuri.

Baba yako.

---

11 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Koti unaweza kulitundika.

Kilichoniokoa ni boksi. Mtu wa mapokezi aliniona nikilirudisha na gundi yake, akaja mwenyewe kwa Mkuu kunishuhudia. Mkuu akasema aliyeweza kurudisha zawadi ya baba yake hana haja ya kuifanyia ujanja. Yakaisha.

Sasa hili lingine, sikuligusa, na naliandika nikijua utalikariri kwa majirani. Mwanafunzi aliomba rasmi kitabu kipokelewe. Mwalimu wake wa usanifu akaunga mkono: anafundisha uandishi wa herufi, na maktaba nzima ina vitabu vya herufi za kompyuta tu, cha brashi hata kimoja hakuna. Kamati ikakaa. Mimi nilitoka kama kanuni yangu inavyotaka, nikasimama kwenye korido nikisoma tangazo la kupotea kwa mwavuli, nikalirudia mpaka nikalijua kwa moyo. Miaka yote naamua vitabu vya watu, sikuwahi kujua wenyewe wanasubirije.

Walilalamikia pini zinazoshika kurasa, wakasema zitatoka, kwa hiyo fundi wetu wa vitabu amekishona upya. Mmoja akauliza ukurasa ulioandikwa kwa mkono ukatwe? Mwalimu akasema mkono wa mwandishi ndio somo lenyewe, mtu asiuguse. Kimepokelewa. Nakala moja, hiyohiyo iliyokamatwa. Lebo yako imebanduliwa taratibu na Mkuu ameiweka chini ya kioo mezani kwake, anawaonyesha wageni.

Nimeambatanisha barua ya zawadi. Isome uitie sahihi: hakuna masharti, hakuna mlangoni, hakuna picha.

Ila moja linanichoma. Kamati nzima imesoma ulichoniandikia. Mhudumu wa kaunta kasoma, fundi wa kompyuta kasoma. Jana Mkuu alinipita kwenye korido, akatabasamu, akaniita Kidole. Humu ndani mtu asiyejua maneno hayo ni mimi peke yangu, na nimejitakia. Ningelifungua lile boksi, baba. Ningelifungua nikachukua changu, ndipo nikarudisha vilivyobaki.

Wako,
Binti yako.

---

19 Septemba

Kwa binti yangu,

Mama yako na mimi wazima wa afya. Tulikuja jana bila kukwambia, nikiwa na koti langu, nimwonyeshe kitabu rafuni. Namba mpya nilikuwa nayo mfukoni. Goti likapanda.

Tukafika. Pengo! Kushoto kitabu, kulia kitabu, katikati hewa. Damu ikanichemka. Nikasema wamekitupa, si nilitia sahihi kwamba wanaweza kutupa? Nikashuka kaunta tayari kwa vita, mama yako ananivuta koti. Binti wa kaunta akatazama kompyuta yake, akasema kwa upole, "Kimeazimwa, mzee. Na kina foleni."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mama yako akacheka mpaka mlinzi akaja.

Nikauliza kaazima nani, akasema hawasemi. Nikauliza ni binti yangu? Hawasemi. Mmewafunza vizuri, wanaudhi kama wewe.

Niambie basi, ni wewe? Kama si wewe, nikutumie nakala nyingine niandike maneno yaleyale. Au nikwambie tu hapa nilichoandika. Si mengi, mstari mmoja.

Baba yako.

---

26 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Mlinzi ananiambia mama ana kicheko kizuri.

Si mimi. Aliyenacho simjui, na ningemjua nisingesema.

Usinitumie nakala nyingine, na chonde usiniambie ulichoandika. Yangu ni hiyohiyo iliyoazimwa. Nimejiandikisha kama msomaji mwingine yeyote, wa tatu kwenye foleni. Mhudumu alitaka kunisogeza mbele nikakataa, lakini nilisita kidogo, hilo nakiri.

Ikifika zamu yangu nitashuka kaunta mwenyewe, niazime, nikae kitako, nifungue ukurasa wa kwanza.

Wako,
Kidole.