Joka Lililokatwa Vipande Vitano

Jumatano, 12 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Kuteka maji, shule, kufagia darasa, kurudi. Nimekimaliza kitabu mara ya pili. Nimekaa nacho mapajani tu.

Ni cha Dada Jeska, binti wa mama mkubwa. Anasomea uuguzi Biharamulo. Alipoondoka alikuwa amebakiza sura nne, akanipa hivyohivyo. Alisema nisome mimi kwanza, yeye atamalizia Krismasi. Aliniomba kitu kimoja: nisimwambie mwisho.

Ijumaa, 14 Novemba
Mwalimu wa Kiswahili alitaka kila mmoja asimame apendekeze kitabu. Nilisimama. Niliiangalia meza. Nikasema kuna joka linaitwa Makaa, na kila likipuliza moto linapungua mwili. Mwanzoni ni kubwa kama kilima. Msichana anayeitwa Tuma analiomba lifukuze jeshi lililoteka kijiji chao. Kisha anaanza kulipenda. Lakini jeshi linarudi, na kila anapoomba msaada anamla rafiki yake. Kwa hiyo unasoma huku unaogopa asije akaomba tena.

Feliksi akasema kutoka nyuma, "Sista, paza sauti, au joka limekula ulimi?" Wananiita Sista kwa ukimya wangu. Walicheka. Halafu wakasikiliza.

Baada ya kipindi wanne, Feliksi akiwa mmoja wao, walinifuata wakitaka kitabu. Walinifuata mimi.

Jumatatu, 17 Novemba
Wanagombania. Shule inakaribia kufungwa, kwa zamu hawatamaliza. Editha, ninayekaa naye dawati moja, alisema tukigawe kama cha Baiolojia. Hapa ndivyo tunavyofanya: kitabu kimoja, wembe, kila kikundi kipande chake, mnabadilishana. Cha Baiolojia kina vipande saba na tunafaulu.

Nilikata mwenyewe, vipande vitano. Mgongo ulitoa sauti gundi ilipoachia. Nilijiambia nitakishona kabla ya Krismasi.

Cha Baiolojia ni cha shule. Hiki ni cha mtu. Nilijua hivyo wembe ukiwa mkononi.

Jumatano, 19 Novemba
Hadithi haigawiki kama Baiolojia. Sura za moyo unaweza kuzisoma kabla ya sura za mizizi. Lakini nani asome kifo kabla ya urafiki? Wote wanasubiri kipande cha kwanza kwa Feliksi. Cha tano hakina wa kukisoma, Editha amekipeleka kwao kukitunza.

Alhamisi, 27 Novemba
Njiani kurudi walibishana kama Tuma ni mbaya. Feliksi alisema ni mbaya. Editha alisema, "Wewe ungeacha kijiji chako kichukuliwe?" Mvua ilianza, hakuna aliyekimbia. Nilitembea katikati yao. Sijawahi kuwa katikati.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Furaha yote hii nimeinunua kwa mali ya Jeska.

Ijumaa, 12 Desemba
Shule imefungwa. Wote wamefika mwisho wa kipande cha nne. Vinne wamenirudishia, wanadai cha tano. Editha anasema kipo, ataleta. Nimeshaazima sindano ya kushonea magunia.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimekwenda mwenyewe kwa kina Editha. Hakipo.

Mama yake anauza karanga stendi ya Kabanga. Husokota karatasi za madaftari ya zamani, anafungia. Juzi aliuliza achukue zipi, Editha akajibu akiwa jikoni, "Chukua za kwenye boksi, mama." Kipande kilikuwa kwenye boksi.

Nilimkasirikia Editha mpaka nusu ya njia. Kisha hasira ikakosa pa kukaa. Mama yake hawezi kufungia karanga kwa kitabu kizima. Mimi ndiye niliyekigeuza makaratasi.

Ningekwenda Kabanga kesho alfajiri. Mama amekataa. Jeska anafika kesho, nyumba isafishwe.

Jumamosi, 20 Desemba
Jeska amefika. Basi hadi Kabanga, kisha pikipiki. Alimwamkia mama, akatoa sukari, sabuni, na karanga za watoto.

Alimwaga karanga kwenye sahani. Akainyoosha karatasi. Akaona jina la Makaa.

Alifurahi. "Kumbe huku kwetu kuna mwingine anasoma kitabu chetu." Kisha akasikitika. "Maskini, wamemchania." Halafu akaigeuza haraka na kuiziba kwa kiganja, asije akaona mwisho.

Kiganja kile ndicho kilichonishinda.

Nikasema, "Dada, hicho ni chako."

"Changu kipi?"

"Kitabu. Nilikikata mimi."

Alicheka, akisubiri nami nicheke. Nikaenda kuleta vipande vinne. Alivipanga mapajani polepole, akazisawazisha pembe, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nilimweleza yote. Mama alipoita chakula, aliinuka akala. Hakunitazama.

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 21 Desemba
Kabla ya Misa kulikuwa na kitubio. Nilipanga foleni, nikatoka. Padri si mwenye kitabu.

Baada ya Misa Editha aliniambia mama yake amezimaliza karatasi zote. Jioni tulikuwa tunachambua maharage. Jeska aliongea kwa mara ya kwanza tangu jana. Aliuliza kama wenzangu walikipenda. Nikasema sana. Akauliza waliishia wapi. Nikasema pale pale alipoishia yeye.

Alitupa punje mbovu. "Basi kipande cha tano kimebaki kichwani mwako tu. Waite. Na usiongeze kitu."

Ijumaa, 26 Desemba
Walikuja wote wanne. Walikaa kwenye mkeka, Jeska mlangoni. Niliikalia mikono yangu.

Nilisimulia sura nne. Feliksi hakutania hata mara moja. Nilipofika pale Makaa ni dogo kama mjusi na Tuma anafungua kinywa kuomba, nilitamani kulikuza. Ningeweza. Nani angejua? Nilimwona Jeska ameinama. Nikasema kama ilivyoandikwa: Tuma aliomba. Moto ulitoka, mdogo wa kuwasha jiko moja. Kiganja chake kikabaki na majivu.

Editha alilia. Nadhani hakulilia joka peke yake.

Jeska aliuliza sentensi ya mwisho inasemaje. Nilijaribu. Nilikumbuka maana, maneno yenyewe hayakuja. Nikamwambia siyakumbuki. Alitikisa kichwa. Hiyo sasa hakuna atakayempa.

Jumapili, 28 Desemba
Jeska ameondoka. Vipande vinne amevifunga kwa utepe wa kitenge na kuviweka begini chini ya nguo. Vitabu vingine viwili alivyokuja navyo alivirudisha begini bila kunionyesha.

Nilimbebea begi mpaka kwenye pikipiki. Aliniambia nisome kwa bidii. Sikumuuliza kama amenisamehe.

Barabara ilikuwa na tope. Nilisimama mpaka mlio ukaisha, kisha nikarudi kuosha vyombo.