Kadi ya Mfano

Ijumaa, Karatu. Ukungu umekaa juu ya mji toka alfajiri, na mimi leo nimelia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya furaha, ndiyo maana nina nguvu ya kuandika.

Nianze na aibu. Kazi yangu ni utafiti wa chanjo. Nazunguka vijijini nikiomba akina mama wanionyeshe kadi za kliniki za watoto wao, na nikikuta nafasi haijajazwa, eti uso wangu hubadilika. Dereva wetu aliwahi kuniambia hivyo. Nilikataa katakata.

Juzi nilikuwa Engaresero nikifundisha wadodosaji wapya kusoma kadi. Nikatoa kadi yangu ya mfano, ile ninayotembea nayo kwenye begi, nikampa dada mmoja makini sana asome. Kifua kikuu ipo, polio ipo, surua ya kwanza ipo, surua ya pili hakuna. Akapiga hesabu ya umri. "Huyu ana mwaka na miezi tisa, alitakiwa achanjwe akiwa na mwaka na nusu. Mama yake mzembe." Nikamsifu, ila nikamwambia neno mzembe tusiliandike kwenye dodoso. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Halafu nikaiangalia kadi.

Ni ya Abigaili. Mwanangu wa kumzaa.

Niliichukua miezi minne iliyopita, nilipomwacha kwa bibi yake kijijini Qurus ili niende kazini, kwa kuwa siku ile sikuwa na mfano mwingine. Nilisema nitairudisha. Na wiki hii hii mama mkwe alinipigia simu kwamba kwa jirani watoto wawili wana homa na vipele. Nikamjibu kitaalamu kabisa, wawahishwe zahanati. Habari za wangu sikuuliza. Mtoto wa mtu wa chanjo atakosaje chanjo?

Jana nimesafiri kutwa nzima na vumbi mdomoni, sijamwambia mtu. Baba yake, mwongoza watalii, yuko kreta na wageni, simu yake haipatikani, na kusema kweli nilishukuru haipatikani.

Leo asubuhi nilimkuta Abigaili anafukuza kuku uani, mzima wa afya. Nikamkamata, nikamkagua nyuma ya masikio, mdomoni, tumboni, mpaka akalia. Mama mkwe ananitazama tu. Nikamweleza.

"Mbona alishachanjwa? Nilimpeleka mwenyewe, kabla hatujavuna mahindi."

Nikamwuliza kadi. Swali la kijinga, kadi ninayo mimi! Akasema nesi alimwandikia kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge, na kitenge kikafuliwa. Hapo, Mungu anisamehe, sikumwamini. Habari ya kikaratasi kilichofuliwa nimeisikia nyumba nyingi, na kila mara nimeandika "haikuthibitishwa". Nadhani uso wangu ulibadilika, maana mama aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Twende kwa nesi."

Nesi wa zahanati akatoa daftari kubwa la chanjo. Tukapekua miezi yote minne. Abigaili hayumo. Nikapitisha kidole tena toka mwanzo, hayumo. Nikalia pale pale, mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto wao uzito.

Mama mkwe akasogea, akauliza tunatafuta jina gani. Nikamwambia. Akashangaa kweli.

"Hilo la kwenu huko mjini. Mimi namwita Paskalina."

Ni jina la marehemu mama yake. Kumbe mtaa mzima wanamwita hivyo! Kwenye simu mimi huambiwa "mwanao hajambo" basi, nami sikuuliza zaidi. Nesi akarudisha kurasa. Paskalina, tarehe ya kuzaliwa ni ya mwanangu, aliyemleta ni bibi yake, surua ya pili, sahihi. Mwezi ule ule aliotakiwa. Hakuchelewa.

Nikalia tena, nikamkumbatia nesi mpaka kofia yake ikaanguka. Watoto wa jirani bado wanasubiri majibu ya vipimo, na nawaombea. Wangu ana kinga.

Wakati anaijaza kadi, nesi akauliza ilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamjibu ilikuwa inafundisha watu.

Njiani nilimwomba mama msamaha. Hakunisema sana. Alichukua ile kadi, akaifungia kwenye sanduku la nguo pamoja na cheti chake cha ndoa, akasema hii haisafiri tena. Nikasema sawa mama.

Sasa nimekaa na chai yangu na moyo mwepesi, lakini nafikiria bibi mmoja wa kijiji cha Buger. Alinishika mkono akaniambia mjukuu wake amechanjwa, nimwamini. Nikatafuta jina la mtoto kwenye daftari la zahanati yao, sikuliona, nikaandika hajachanjwa, nikapanda gari. Jina lile nilipewa na mama wa mtoto kwa simu, akiwa Arusha.

Jumatatu naanzia kwake. Nitamsalimia vizuri, nikae, kisha nimwulize yeye anamwitaje mjukuu wake.