Risala Niliyokuandikia, Mkumbo

Mkumbo, ndugu yangu,

Kuna maneno niliyopewa nikuletee, nami sikukuletea. Niliyapokea ndani ya ule ukumbi wa Kiomboi, siku tuliyokwenda kukiombea kijiji chetu, Ulemo, mashine ya kukamulia mafuta, na kutoka mlangoni hadi kwenye lori ulikokaa ukinisubiri hazikuwa hatua hamsini. Nimekaa nayo tangu siku hiyo. Ulipougua nilikuja kukuona kila Jumapili, na kila Jumapili nilijiambia, leo. Tukakuzika, bado ninayo.

Sasa zamu ni yangu. Miguu imevimba mpaka viatu havinienei, na daktari amenirudisha nyumbani akiniambia nile chochote ninachopenda. Mimi na wewe tunajua daktari husema hivyo lini. Siwezi kukudai msamaha. Nilikuwa na miaka ya kukuomba ukiwa hai, nikaiacha ipite.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama Naomi hajambo, ila amepungua. Kile kiti chako cha kamba bado kipo ukutani, mgeni akitaka kukikalia anamletea kingine. Yule ng'ombe wako mweusi amezaa jike. Mvua zilichelewa, alizeti ya bondeni ilikauka, ya juu imesimama. Malori ya mjini yanakuja kama kawaida, yanajaza magunia ya lumbesa yaliyofura kupita kipimo na kuondoka na mbegu zetu, kisha tunanunua mafuta dukani kwenye chupa. Ghala la ushirika limehamiwa na popo. Pale ilipokuwa mashine sakafu bado ina weusi wa mafuta, watoto wanapapita wakiteleza.

Halafu wiki iliyopita binti yako alikuja kwangu.

"Shikamoo, baba Mwalimu."

"Marahaba, Naomi. Umenikumbuka leo?"

"Nimekuja na shida." Alikaa chini kwenye mkeka, akatoa daftari jipya. Kikundi chao cha wanawake kimeitwa kwenye ukumbi uleule, Alhamisi ijayo, waeleze mpango wao wa kukamua mafuta. Kuna watu wanatoa mashine ndogo kwa vikundi. Wamemchagua yeye asimame. Akasema, "Mama amesema nije kwako. Amesema wewe ndiye uliyemwandikia baba risala."

Mkumbo, nilishika ukingo wa kitanda.

Maana ni kweli, niliiandika mimi. Unakumbuka serikali ilipoachia biashara, ushirika ukawa jina tu, na ikatangazwa kwamba ile mashine yake iliyolala miaka itakodishwa kwa atakayeieleza kamati vizuri jinsi atakavyoiendesha? Kila mwombaji dakika ishirini. Tulikuwa sisi, kikundi cha Ulemo, na mfanyabiashara mmoja wa mbali. Wanakijiji hawakubishana hata kidogo. Msemaji awe Mkumbo, nani mwingine? Na Mwalimu amtayarishe, maana amesoma.

Wewe ulikuwa mnadishaji. Nilikuona kwa macho yangu kule mnadani Mtinko, umemshika mbuzi mmoja aliyekonda, unapaza sauti: "Mtazameni meno, jamani! Mkweo ana meno kama haya? Huyu haumwi, huyu alikuwa kwa bwana mchoyo!" Watu wakavunjika mbavu, na kabla hawajamaliza kucheka mtu ameshaingiza mkono mfukoni. Hukuwahi kudanganya juu ya mnyama. Kama ana kilema ulikitaja wewe mwenyewe kwanza, na ndiyo maana walikuamini.

Siku ya kwanza ya mazoezi ulikuja darasani kwangu, darasa la sita, saa kumi, watoto wameshatawanyika. Hukuwa na karatasi. Uliweka konzi ya alizeti mezani pangu, ukanitazama kana kwamba mimi ndiye kamati.

"Shikeni, mabwana. Haiumi."

Ukachukua punje chache, ukazimenya, ukazisaga kwa dole gumba juu ya karatasi niliyokuwa nimeichana daftarini. Ukaiinua kuelekea dirishani. Lile doa likapitisha mwanga.

"Hapo ndipo ilipo Ulemo," ulisema. "Nyinyi mnaliita doa. Sisi tunaliita karo ya watoto."

Kisha ukaeleza. Nani atalima, nani atasomba, nani ataiangalia mashine ikikohoa. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua yatakwenda kwa wenye ng'ombe. Mwaka mvua zikitukataa, umeshazungumza na watu wa Mtinko, watatuletea mbegu zao tuwakamulie, nao wachukue mashudu. Hukutumia hata dakika kumi. Ukaniuliza, "Swali?"

Sikuwa na swali. Nadhani hapo ndipo uovu ulipoanza, Mkumbo. Nimesoma chuo cha ualimu, nimefundisha miaka thelathini, wewe uliishia darasa la nne, na sikuwa na kitu cha kukuongezea.

Nikasema, "Huo ni mnada, bwana. Wale ni watu wa ofisi."

Ulicheka. "Kwani wa ofisi hawali?"

"Tutaandika risala."

"Mwalimu, wewe hata ungeuza maji wakati wa ukame ungeanza na 'Ndugu mwenyekiti'!"

Lakini ulikubali. Uliniheshimu. Ukaweka kofia yako juu ya dawati, ukakaa kama mwanafunzi.

Niliandika kurasa nne za fulskepu. Wa kwanza shukrani na vyeo vya wageni. Wa pili historia ya kijiji. Wa tatu matatizo yetu: barabara, maji, ndege waharibifu, ukosefu wa mtaji. Wa nne maombi. Ndivyo nilivyojua. Maisha yangu yote, akija mkubwa tulimsomea shida zetu kwa lugha nzuri, tukampa karatasi kwa mikono miwili, tukapiga makofi. Sikuona kwamba nyakati zimegeuka. Wale watu hawakuja kusikia tunakosa nini. Walitaka kujua Jumatatu asubuhi tutafanya nini. Wewe ulikuwa umelijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu mnadani hakuna anayenunua mbuzi kwa kumhurumia mwenye mbuzi.

Siku nne nilikusomesha ile risala. Ukiinua uso nilipiga meza kwa rula. "Usitazame watu, tazama mstari." Nilikwambia hivyo wewe, uliyeweza kumtazama mtu mmoja kati ya mia mpaka akacheka mwenyewe. Nikakukataza pia kujibu maswali. "Ukiulizwa kitu kisichomo, niachie mimi." Na alizeti zako nikasema zibaki nyumbani, tusichafue ukumbi wa watu.

Hukuziacha zote. Tulipokuwa kwenye benchi la nje tukisubiri kuitwa, umevaa koti langu, niliona mkono wako unafanya kazi mfukoni. Ulikuwa unasaga punje kwa wasiwasi, kama mtu anayesali. Kisha ukashika risala kwa mkono uleule.

"Umeichafua!" nilikukaripia, mbele ya watu.

"Samahani, Mwalimu."

Doa lilikuwa nyuma ya ukurasa wa nne, nikaona halitaonekana.

Unajua yaliyotokea ndani, lakini hujui niliyaonaje. Walikuwa watatu, na katikati yule mama mwenyekiti, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alivua saa akaiweka mezani. Ukaanza kusoma, na ile sauti haikuwa yako. Ilikuwa yangu, imekaa vibaya kinywani mwako. Ukurasa wa pili mmoja wao alikuwa anatazama nje. Ukurasa wa tatu ulipoteza mstari, ukarudia tatizo la maji ulilokwisha kulisoma, jasho likadondoka kwenye wino. Dakika ishirini zikaisha hujafika kwenye maombi.

Yule mama akauliza kwa upole tu, "Baba, mwaka mvua zikikataa, hiyo mashine mtailisha nini?"

Ulikuwa na jibu! Mkumbo, ulikuwa nalo, ulinipa mwenyewe darasani. Ulifungua kinywa. Halafu ukanigeukia, jinsi mtoto anavyomtazama mwalimu kuuliza kama anaruhusiwa. Ningeweza kukuitikia kwa kichwa tu. Badala yake nilisimama, nikafunga kifungo cha shati.

"Mheshimiwa mwenyekiti, suala hilo tutaliundia kamati ndogo."

Hata mimi nilisikia jibu hilo lilivyoanguka.

Ulichukua kofia yako, ukaiacha risala mezani, ukawainamia, ukatoka kwenda kwenye lori. Mimi nilibaki nyuma kubandua karatasi zangu za manila, nilizokuwa nimeandika vichwa vya risala na kuzibandika ukutani.

Yaliyofuata yote yalikuangukia wewe. Mashine ilikwenda kwa yule mfanyabiashara. Aliitumia hapahapa misimu miwili, kisha akaing'oa akaipeleka kwao. Lakini kabla ya hayo kulikuwa na ule mkutano wetu ghalani, uliposimama mbele ya wanakijiji wenzako ukasema kwa Kinyiramba, taratibu, "Nimewaangusha. Mdomo wangu ni wa kuuzia mbuzi, hauwezi kuwasemea watu." Nilikuwa nimekaa kando yako. Nilikupiga piga mgongoni. Watu wakasema Mwalimu ni rafiki wa kweli, angalau alimwandikia vizuri.

Hukurudi tena mnadani. Walikuja kukuita mara tatu kutoka Mtinko. Ukasema koo linakuuma. Miaka yote iliyobaki ulikuwa mtu wa maneno machache, hata kwenye harusi ya Naomi uliniomba mimi nizungumze kwa niaba yako, nami nikazungumza, na nikapigiwa vigelegele. Koo lako halikuwa na ugonjwa wowote. Nililijua hilo kuliko mkeo.

Siku ya maziko Mama Naomi alinishika mikono yote miwili. "Shemeji," akasema, "tangu siku ile ya Kiomboi wenzake wengine walimcheka, wewe hukumcheka hata siku moja." Nilikula chakula cha matanga yako nikakimaliza.

Basi Naomi alikuwa pale mkekani na daftari lake, anasubiri nimpe sentensi ya kwanza ya risala.

Nilimwambia afunge daftari. Nikamwambia asiandike shukrani wala vyeo, asiwasomee shida. Aingie na alizeti, awape washike, aisage mbele yao kwenye karatasi na kuiinua kwenye mwanga. Awatazame usoni. Aseme nani atafanya nini na lini, na kama mpango una kilema akitaje yeye kwanza. Akiulizwa ajibu mwenyewe, na asilolijua aseme silijui, nitaleta jibu siku fulani. Akimaliza kabla ya muda, akae chini. Tulifanya mazoezi hapohapo. Alisaga punje kwa dole gumba, na ni dole lako hasa, Mkumbo, lile fupi lenye ukucha mpana. Akaniambia neno kuhusu doa ambalo sikumfundisha. Huenda ulilisema nyumbani kabla hujanyamaza.

Alipoinuka kuondoka akaniuliza, "Baba Mwalimu, haya nani alikufundisha?"

Nikasema nimechoka, aje kesho. Hata kwa mtoto wako nimeahirisha.

Lakini safari hii nimeandika. Kesho akija nitamwambia amwite na mama yake, na nitawasomea barua hii yote, kwa sauti, bila kuruka mstari. Naomi asiende Kiomboi akidhani anakwenda kufuta aibu ya baba yake. Nikimaliza nitamwomba Mama Naomi anifikishie neno kwa mjumbe wa nyumba kumi, wale waliokuwapo ghalani siku ile na bado wapo hai waitwe, nao wasikie. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na sina tena miaka ya kuivunjia. Kisha nitakuja. Ukiniona huko usinipishe kiti. Kwaheri, Mkumbo, ndugu yangu, mnadishaji wa Mtinko.

Yale maneno ni haya.

Nilikuwa nakunja karatasi za manila, na yule mama alikuwa ameishika risala yako. Aliigeuza, akaona doa nyuma ya ukurasa wa mwisho. Akauliza ni nini. Nikamweleza, kwa aibu, kwamba mwenzangu ana mchezo wake wa kusaga punje, na kwamba darasani aliwahi kueleza mambo yote kwa mchezo huo, hata habari za mvua na watu wa Mtinko. Akavaa miwani, akainua ule ukurasa kwenye mwanga wa dirisha kama ulivyofanya wewe. Kisha akasema, "Hatujaamua bado. Mwambie yule baba arudi kesho saa tatu, kabla hatujaondoka. Aache karatasi, aje na alizeti zake, aseme kama alivyosema darasani. Na wewe, Mwalimu, tafadhali usije naye."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Nikatoka. Uliniona kutoka juu ya lori, ukavua kofia, ukaniuliza, "Wamesemaje?"

Nikakwambia, "Wamesema basi."