Wamenipa Sehemu ya Kufa

Jumamosi, 8 Juni 2024

Baridi ya leo! Hata hivyo nimerudi nyumbani na furaha. Mradi mpya wa afya umetuita sisi wa klabu ya vijana tunaotumia dawa za VVU. Madam Janeth, mratibu, katuambia: safari hii wapangaji ni ninyi. Elimu itakayopelekwa Makambako mtaibuni wenyewe.

Tukasema hadi makoo yakakauka. Haruni, mwenyekiti wetu, akasema lile dirisha la dawa zetu hospitalini liondolewe—linatazama stendi, kila anayesubiri gari anakuona. Mimi nikasema watu waonyeshwe mtu anayeishi. Nimezaliwa na virusi, nina miaka ishirini, na kilima cha mtaa wetu wa Ramadhani, hapa Njombe, nakipanda na ndoo kichwani! Madam akaandika yote ukutani kwa kalamu nyekundu.

Asteria peke yake hakusema neno. Kajua hali yake juzijuzi tu, ujauzito ukiwa mkubwa. Alinyonyesha tu, kainama.

Jumatano, 19 Juni

Nina hasira tangu mchana.

Mchezo wa kuigiza umeletwa—umeshaandikwa! Na mtaalamu wa Dar ambaye hatujawahi kumtia machoni. Msichana anapenda simu na chipsi, anafuata madereva wa malori, anapata virusi, anakonda, anakufa. Mama analia, baba analia. Basi. Dirisha? Hakuna. Mtu anayeishi? Hakuna. Na bango limechapwa tayari: "Umebuniwa na vijana wenyewe."

Nani anayekufa? Mimi! Madam kasema umbo langu linafaa, mwembamba. Mbele ya wote.

Haruni akauliza mawazo yetu yako wapi. Akajibiwa yamezingatiwa.

Yamezingatiwa!

Tukafanya mazoezi. Nikalala mkekani, nikafunikwa kitenge. Kwa upenyo nikamwona Asteria anamfunga mtoto mgongoni. Akatoka bila kuaga.

Ijumaa, 21 Juni

Asteria hapokei simu.

Jumanne, 25 Juni

Haruni kaniambia Asteria hakufika hospitalini jana, siku yake ya dawa. Nimepanda gari hadi Makambako. Nimemkuta nyuma ya maegesho ya malori, anamenya viazi kwenye banda la chipsi la mama yake mdogo.

"Kamwene, mdogo wangu."

Kaitikia salamu bila kuinua uso. Nikamwuliza dawa ziko wapi. Kasema kazitupa chooni.

"Kwa nini?"

"Dada Cresensia, si nimeuona mwisho wake? Kama ni kulala chini ya kitenge, ya nini kujichosha?"

"Ule ni mchezo tu!"

"Si mmesema mmeubuni wenyewe?"

Aibu ile! Si yangu, lakini nimevikwa mimi.

Na ananyonyesha! Kipimo cha kwanza cha mtoto kilitoka safi. Nikamwambia, ukiacha dawa unamweka huyu hatarini. Akalia, machozi yakadondokea kwenye beseni la viazi. Nikambembeleza, nikambeba mtoto, tukaenda pamoja hospitalini. Kapewa dawa nyingine, kaanza kumeza mbele yangu. Lakini macho yake hayakuniamini.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemfuata Madam ofisini. Sikumtaja Asteria. Nikasema kuna mtu kaacha dawa kwa sababu ya mchezo huu. Kanisikiliza huku anapuliza chai. Eti jamii lazima iogope kidogo ndipo ibadilike. Eti mchezo umeshapitishwa juu, wageni wamealikwa. Eti nikikua nitaelewa.

"Cresensia, wewe fanya sehemu yako vizuri."

Sehemu yangu ni kufa!

Shangazi ninayeishi naye kasema niwaache, wenye mradi wao hawabishiwi. Nimefua kwa nguvu hadi shuka limechanika.

Jumapili, 30 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Uwanja kule Makambako ulijaa—madereva, wauza parachichi, wanafunzi, wageni chini ya turubai. Nikalala. Nikafunikwa. Haruni, ndiye baba, akaanza kulia kama alivyofundishwa. Kitenge kilinuka moshi. Karibu kabisa na kichwa changu nikasikia mwanamke anamwambia mwenzake: bora afe, asije akatumalizia watoto.

Nikainuka!

Sikupanga. Nikasema, "Sijafa." Watu wakacheka, wakadhani ni kichekesho. Nikarudia. Nikataja jina langu, nikasema ninavyo virusi tangu tumboni mwa mama, natumia dawa, na leo sifi. Kicheko kikakatika. Haruni akafuta machozi ya uongo, akasimama kando yangu. "Na mimi pia," akasema.

Madam akampungia mkono mtu wa muziki. Spika zikafunguliwa mpaka ardhi ikatikisika. Dereva mmoja akapiga kelele: zimeni, mwacheni aseme! Hazikuzimwa. Tukashushwa jukwaani kama walevi.

Nyuma ya jukwaa msichana mwenye sare ya shule akanifuata. Kanong'ona: "Dada, hizo dawa mtu anazipataje bila kuonekana?"

Ningemwambia nini? Dirisha bado linatazama stendi! Hilo tulilisema siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi, na wakaandika!

Shangazi hasemi nami. Anaogopa majirani. Mji utajua. Basi ujue.

Jumatatu, 1 Julai

Ofisi ya mradi, Njombe. Naandika hapa hapa kwenye benchi la nje.

Tumeitwa tuombe radhi kwa wageni. Tusipoomba, klabu inavunjwa na wataletwa vijana wengine, "wenye nidhamu". Nidhamu ya maiti! Haruni anatafuna kucha.

Asteria kaja! Hakuna aliyemwita. Kapanda gari la asubuhi kutoka Makambako, mtoto mgongoni, midomo imepasuka kwa baridi. Kasema juzi alikuwepo uwanjani, kasimama nyuma ya lori la viazi.

Mlango umefunguliwa. Eti aingie mmoja tu, msemaji. Nimesimama—Asteria kanivuta gauni. Kanipakatisha mtoto. Kaingia yeye. Asteria! Ambaye hata jina lake hulitamka kwa kunong'ona!

Haruni kanitazama. Nimemtazama.

Mlango haukufungika vizuri. Namsikia Madam: "Wewe simama tu hapo, hatutachukua muda."

Nasikia Asteria anavuta kiti, anaketi.