Kitambaa Ulichonipa Nishike

Yaya, dada yangu mpendwa,

Nakuomba barua hii uisome peke yako, polepole, hata ikikuchukua siku mbili. Usimpe katekista akusomee. Ukimaliza iweke motoni, na maneno yake yabaki kwako hata siku utakayonikasirikia.

Najua umejificha Mitwaba kwa kuogopa polisi. Dada yangu, hakuna anayekutafuta. Nitakueleza kwa nini, lakini acha kwanza nikumbuke nawe, maana hapa cité, mtaani kwetu Kenya, sina mwingine wa kukumbuka naye.

Siku Mama Ezeria alipokuweka mlangoni pa baa yake, wanaume walicheka. "Banaume bameisha mu cité? Mwanamuke ndiye analinda mulango?" Ukawajibu bila kuinua sauti, "Banaume beko, baba. Njo bale ninafukuza kila siku."

Nyuma ya nyumba ulijaribu kunifundisha kupigana. "Usiangalie mukono, mudogo wangu. Angalia muguu. Muguu unatangulia." Nikaangalia mguu, nikaanguka, kalamu ikavunjika mfukoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilipokuuliza ulijifunza wapi, ulisema kwa marehemu shemeji yangu, miaka sita, wala hakujua kuwa anafundisha. Hapo hukucheka.

Kisha Jumapili ile, baada ya misa. Kapita Dominiko, yule msimamizi wa vibarua, alimpiga kofi msichana aliyemletea bia. Ulivua kitambaa cha kichwa, kama kawaida yako, mtu asipate pa kukushika, ukanipa nishike. "Baba Dominiko, tutoke pamoja, kwa heshima." Akavunja chupa. Mguu wake ulisogea, hata mimi niliuona. Mara akawa amelala kwenye ngazi, mkono umepinda, nawe umesimama juu yake unahema. Mimi nilikuwa nyuma ya makreti. Ulijifuta damu kwa kitambaa, ukakiacha mikononi mwangu, na asubuhi yake ukapanda lori la Mitwaba.

Yaya, kapita hakukutaja. Angesemaje kuwa mwanamke amemvunja mkono? Aliwaambia polisi ni mimi. Waliokuwepo wakanyamaza, kwa kuwa nao waliwahi kutolewa na mikono yako, na nyumbani kwao hawakusimulia. Nikaulizwa, "Ni wewe?" Nikatazama vidole vyangu vyenye wino, nikasema ndiyo. Nililala ndani siku tano.

Sasa wanaume wananipisha bombani. Kazini mkubwa wangu ananiita bondia. Jioni nakula peke yangu, kwani kila anayekuja kuketi nami anataka nimsimulie, na mimi sijui ulifanyaje. Baada ya ule mguu nilifumba macho. Nimevaa kazi yako na inanipwaya.

Jumamosi kapita anafunguliwa bandeji. Ametuma salamu: "Mwambieni karani, nakuja na mukono mupya." Anajua vizuri kuwa siwezi. Ndiyo maana alinichagua mimi. Nikisema kweli, watakutafuta wewe, basi sisemi. Ila barabarani natazama miguu ya watu, na mguu wowote ukisogea, nasogea na mimi.

Sikuombi uje kunipigania. Ulikuwa na miaka sita ya kupigwa na mingine mitatu ya kusimama mlangoni kwa ajili ya wengine, yatosha. Nataka ujue tu kuwa uko huru, na kwamba yupo mtu mmoja mjini asiyetaka kusahau mkono ule ulivunjwa na nani. Kitambaa chako ninacho. Nimekifua, damu haikutoka yote.

Usiandike ofisini, barua zinafunguliwa. Mpe dereva wa lori la mahindi, amwachie Mama Ezeria. Ukija mwenyewe, usiulize kwa jina langu, wengi wameshalisahau. Uliza nyumba ya karani aliyemvunja kapita mkono. Hata watoto watakuonyesha. Mlango nimeuzuia kwa kitanda, kwa hiyo usibishe hodi, nitadhani ni kapita. Simama tu nje useme "mudogo wangu", na mimi nitakisogeza.

Mdogo wako